Waliopona Hawafiki Ubaoni

Baba alianza kunywa juisi ya bitiruti mwezi uleule alioanza kukojoa damu, akadhani nyumba nzima ni wajinga. Kila alasiri alirudi nayo ndani ya chupa ya maji, akaiweka katikati ya meza, mahali ambapo hata kipofu angeigonga. Siku Mama alipotoka chooni na ndoo mkononi, akasimama uani, Baba alimjibu kabla hajaulizwa.

"Bitiruti hiyo. Ina rangi kali."

"Mpaka sakafuni, baba Suhaib?"

"Mpaka sakafuni."

Mama hakubishana. Mama yangu, Mwajabu, habishani na mtu. Anakwenda kutafuta ushahidi. Kesho yake alinunua bitiruti sokoni, akazisaga, akanywa bilauri nzima huku amekunja uso. Asubuhi iliyofuata nilimsikia uani akisema, "Mie nimekunywa kama wewe. Wangu mweupe kama maji ya bomba. Sasa niambie, bitiruti zako wewe zimelimwa wapi?"

Nilicheka peke yangu chumbani. Nakikumbuka kicheko hicho kwa sababu baada yake sikucheka tena vile katika nyumba ile.

Baba yangu, Jabiri, alikuwa muosha maiti. Mtaani kwetu Mtoni mwanaume akifa, watu walimpigia Baba simu kabla ya kumpigia shekhe. Ubao wa kuoshea ulikuwa mali ya msikiti, lakini ulikaa nyuma ya nyumba yetu, umeegemezwa ukutani, nami nilikua nikicheza gololi chini yake bila kuuogopa. Aliosha pamoja na Bakari, rafiki yake wa tangu ujana, fundi baiskeli mwenye mdomo mchafu na mikono safi. Walikuwa na sheria ambazo hazikuandikwa popote. Ya kwanza, unachokiona ubaoni kinazikwa na mwenyewe. Kovu, ngiri, kidonda, huvitaji kwa mkeo wala kwa shekhe. Ya pili ilikuwa ya shuka. Maiti hafunuliwi kuanzia kitovuni hadi magotini. Mkono wenye kitambaa unapita chini ya shuka, jicho linabaki juu. Niliwahi kumsikia Baba akimfukuza kijana msibani kwa sababu alichungulia.

"Akiwa hai ungemchungulia?" alimuuliza. "Basi ni yuleyule, isipokuwa leo hawezi kukuzaba kibao."

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa akificha damu yake nyuma ya chupa ya juisi.

Kilichonikera zaidi ni kwamba hakuiogopa. Baba alikulia Rufiji, kwenye mabonde ya mpunga, akishinda majini akifukuza ndege na kuvua kambare. Huko, alisema, wavulana wote walikojoa damu. Walisimama kwenye tuta wakashindana nani wake mwekundu zaidi, na wakubwa wakawaambia hiyo ndiyo dalili ya kuwa mwanaume, asiyekojoa damu bado mtoto. Kwa hiyo damu ilipomrudia na mvi zake, aliipokea kama mgeni wa zamani.

"Ujana umenirudia," alimwambia Bakari, nikiwapo.

"Ujana gani unaoloweka suruali?" Bakari alimjibu. "Twende hospitali, bwana. Ukifa kabla yangu nitakusugua kwa dodoki la masufuria, haki ya Mungu."

Ni Bakari aliyempeleka mara ya kwanza, amemshika kiwiko kama askari na mwizi, nami nyuma yao. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini Kurasini, kwenye yadi ya makontena. Walimpima mkojo, wakampiga picha ya tumbo kwa ile mashine inayopakwa mafuta. Daktari, kijana mrefu mpole aitwaye Ansbert, alisema kuna kivuli kwenye ukuta wa kibofu. Picha ya nje haiwezi kusema ni nini. Lazima aingie aone kwa macho.

"Aingie wapi?" Baba aliuliza.

Daktari alimwita muuguzi. Alikuwa mama wa makamo aitwaye Demetria, lafudhi yake ya Bukoba, sauti yake ya mtu aliyezoea kusemesha watu wenye hofu. Alimkalisha Baba kwenye benchi ukumbini, akakaa naye bega kwa bega badala ya kusimama mbele yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nakueleza yote, halafu utaniuliza. Siku hiyo hufungi kula, utakuja umekunywa chai yako. Tunapima mkojo kwanza. Tukikuta wadudu tunawatibu, kipimo kinasogezwa mbele. Kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, uniambie sasa hivi, usifiche."

"Situmii."

"Vizuri. Utakwenda haja ndogo, utalala chali. Nakutilia dawa ya ganzi, nzito kama mafuta, inapita njia ya mkojo. Tunasubiri ikolee. Halafu daktari anapitisha mpira mwembamba unaopinda, mbele una taa na kamera. Maji yanaingia ili kibofu kifunguke, aone kila kona. Utahisi umebanwa mkojo. Ni maji yetu hayo, usione haya. Si kazi ya muda mrefu. Unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Siku mbili hivi mkojo utakuchoma, unaweza kuwa na wekundu kidogo. Kunywa maji kwa wingi. Ukipata homa, ukitoa mabonge ya damu, au mkojo ukigoma kabisa, usingoje kukuche. Unakuja."

Baba alikuwa akiangalia mikono yake.

"Na wewe utakuwa wapi wakati huo?"

"Pembeni yako, baba."

"Haya." Alisimama. "Tutarudi, inshallah."

Namjua baba yangu. Alikuwa na inshallah ya kuomba na inshallah ya kufunga mlango. Ile ilikuwa ya mlango.

Siku ya miadi alitoka alfajiri kwenda msikitini, akarudi jua limesimama utosini. Nilikuwa nimemsubiri kibarazani nimevaa viatu. Nina hasira za karibu, hilo kila mtu wa Mtoni analijua, na siku hiyo sikuzishika.

"Baba, unaogopa mpira?"

"Mie siogopi mpira. Naujua."

"Unaujua wapi?"

Mama alitoka jikoni akasimama mlangoni. Baba alitazama kushoto na kulia kama mtu anayetaka kuvuka barabara, kisha akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya maishani mwangu. Alitoa siri ya ubaoni.

"Badru," alisema.

Badru alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, rafiki yake wa kucheza naye bao. Alikuwa amefariki mwaka uliopita nyumbani kwake, baada ya kuugua muda mrefu.

"Walimuwekea mpira hospitali. Amekufa nao. Ndugu zake hawakuniambia, nimeukuta chini ya shuka. Maiti hazikwi na mpira, nikautoa kwa mkono huu." Aliuinua mkono wa kulia. "Ulishika ndani, Suhaib. Ulishika kama una kucha. Nikavuta, ukagoma. Nikavuta kwa nguvu, ukaja na damu. Damu ubaoni, kwa mtu aliyekwishakata roho! Bakari shahidi. Walimchana ndani kwa mpira wao, ndicho kilichomuua. Halafu wewe unataka nikalale chali, mwanamke pembeni, nifanyiwe hivyohivyo."

Nilipaswa kunyamaza, mtoto mwenye adabu angenyamaza.

"Baba," nikasema, "wewe unawajua waliokufa tu. Wote unaowapokea ni wafu. Waliopimwa wakapona hawafiki ubaoni kwako, wako madukani wanauza vitunguu. Unapima hospitali nzima kwa ubao wako!"

"Suhaib!" Mama alisema. "Huyo ni baba yako."

"Ndiyo maana nasema."

Baba hakunipiga wala hakunitukana. Aliingia ndani, akafunga pazia. Tangu siku ile alinijibu salamu tu, na juisi ya bitiruti ikahama mezani. Hakuwa tena na haja ya kudanganya. Alikojoa damu waziwazi, kama mtu aliyeamua.

Ukapita msimu mzima hivyo. Joto likaja, mvua zikafuata, mashavu ya Baba yakabonyea. Aliacha kukaa safu ya mbele msikitini, akawa anakaa karibu na mlango, kisha akawa anaswali nyumbani. Nilirudi kutoka Kurasini jioni nikamkuta ameketi juu ya gazeti, ili asiharibu kiti. Mama alifua mashuka kabla majirani hawajaamka. Sikusema tena. Nilikuwa nimeshasema, na kiburi changu kilikuwa kinangoja kiburi chake kianguke kwanza. Yeye alikuwa mgonjwa, mie nilikuwa mjinga, na kibofu hakikumngoja yeyote kati yetu.

Kilichomvunja hakikuwa maneno yangu. Alifariki mzee mmoja jirani, wakamwita Baba kuosha. Mama alimsihi asiende. Alikwenda. Bakari ndiye aliyenisimulia yaliyotokea, na alisimulia bila mzaha hata mmoja. Walikuwa wamemaliza maji ya majani ya mkunazi, wanataka kumimina ya mwisho, yenye karafuu maiti. Baba akajikunja, akashika ukingo wa ubao. Bakari akaona tone jekundu limeangukia sakafuni, la pili likaanguka kwenye ndoo ya maji safi, maji yakabadilika rangi.

Baba aliitazama ndoo ile. Kisha akavua kitambaa mkononi, akamkabidhi Bakari.

"Maliza wewe," alisema. "Sina twahara. Mimi sasa ndiye wa kuoshwa."

Jioni ile alinikuta nyuma ya nyumba, akakaa kwenye tofali, ubao ukiwa umeegemezwa kati yetu.

"Hao waliopona," alisema. "Unamjua hata mmoja?"

Ningeweza kudanganya.

"Simjui, Baba."

Alitikisa kichwa polepole. "Basi twende kesho tukawatafute."

Hatukuwatafuta mbali. Mkojo wake ulipimwa, ukakutwa na wadudu, akapewa dawa, akapangiwa siku nyingine, nami nikaona kwamba hata tulipoamua kuharakisha kuna mambo hayaharakishwi. Siku ya kipimo yenyewe, benchini, alikuwako mzee mnene amevaa kofia ya kufuma, mchuuzi wa samaki wa Kunduchi, anakula karanga kama yuko kwenye mpira wa miguu.

"Mara ya kwanza, shekhe?" alimuuliza Baba.

"Ya kwanza."

"Utabanwa mkojo mpaka umkumbuke bibi yako. Halafu basi. Mie kamera ile inanijua kwa jina. Walinikuta na kitu kidogo kama punje ya choroko, wakakikwangua, sasa nakuja kila baada ya miezi kadhaa wanachungulia kama kimerudi. Nimeacha kuhesabu." Akamsogezea karanga. "Kula, si Ramadhani hii."

Baba alichukua karanga lakini hakula. Alimtazama mtu yule kuanzia viatu hadi kofia, kwa lile jicho lake la kazi, akitafuta alama ya kifo na asiione. Kisha alimshika mkono, akaushikilia zaidi ya kawaida ya salamu.

"Ulikuja mapema," alisema.

"Mke wangu ndiye aliyeona damu. Alipiga kelele mtaa mzima. Ningefanyaje?"

Baba aliniomba niingie naye. Sista Demetria alinipa joho la kijani na kofia ya kitambaa, akanisimamisha upande wa kichwa. "Hapa unamwona uso tu," alisema. "Kazi yako ni huo uso."

Kisha nikaona kitu ambacho Baba pia alikiona. Kabla hajamwambia avue, alimtandikia shuka juu, akashika pande zake. "Vulia chini ya shuka, baba." Alipolala na miguu kuinuliwa kwenye vishikizo, alimfunika na kitambaa cha kijani chenye tundu moja dogo katikati, hivi kwamba hakikubaki cha kuona isipokuwa kile ambacho kazi ilikihitaji. Alipitisha mkono wenye glovu chini ya kitambaa, macho yake yakiwa usoni kwa Baba, akimwambia kila hatua kabla ya kuifanya. "Sasa ni baridi, nasafisha. Sasa naweka ganzi, itachoma kidogo. Tunasubiri."

"Nani alikufundisha hivi?" Baba aliuliza akitazama dari.

"Hivi vipi?"

"Kufunika."

"Ni kazi, baba. Mtu ni mtu."

Baba alishusha macho kutoka darini, akamtazama.

Mpira ulipoingia alinishika kidole gumba, akakibana mpaka kikafa ganzi. "Vuta pumzi kama unapuliza chai," Demetria alisema, naye akapuliza. Kwenye kioo cha televisheni ndogo niliona njia nyembamba ya waridi, kisha ghafla ukumbi, kibofu chenyewe, kikijaa maji. Ukuta wake ulikuwa na mishipa myembamba. Mahali fulani palikuwa pametapakaa kitu kama mchanga wa manjano.

"Mzee," Dokta Ansbert alisema, "umekulia wapi?"

"Rufiji."

"Kwenye mpunga?"

"Kwenye mpunga."

"Huu mchanga unaouona ni mayai ya kichocho, ya zamani sana. Ile damu ya utotoni haikuwa utu uzima. Ulikuwa ugonjwa, na ungetibika kwa vidonge."

Baba aligeuza uso kwenye kioo. Nadhani alikuwa anawaona wavulana wale kwenye tuta, wakishindana.

Kisha kamera ikageuka kona. Kilikuwa kimeota ukutani kama tumbawe, kikubwa, kimechanua, kinayumba ndani ya maji, na ncha zake zilikuwa zinavuja uzi mwekundu. Hakikuwa punje ya choroko. Daktari alikata mnofu mdogo kwa ajili ya maabara. Maji kwenye kioo yakaanza kuwa mekundu hadi hatukuona tena.

"Nimebanwa," Baba alisema kwa sauti ya mtoto. "Nimebanwa sana."

"Tunamaliza, baba. Tunamaliza."

Kwa wengi ingeishia hapo, wangevaa na kwenda nyumbani. Kwa Baba damu ilikuwa inaganda, na Dokta Ansbert akasema mkojo utaziba. Lazima akae na mpira kwa siku chache ili kibofu kisafishwe. Demetria alipouleta, ule mpira wa manjano, Baba alijiinua kwa viwiko.

"Huo ndio uliomuua Badru."

"Badru ni nani?"

Demetria akaukunjua mbele ya macho yake, akaupeleka karibu na taa. "Angalia, baba, usiogope kitu usichokijua. Hapa ndipo mkojo unapotokea. Na huu mguu wa pembeni ni wa maji." Akachomeka bomba la sindano, akasukuma. Karibu na ncha, kwenye mpira uliokuwa umelala, pakavimba puto dogo, duara, kama zabibu na kisha kama ndimu changa. "Puto linavimba likiwa ndani ya kibofu, ndilo linaloushikilia usianguke. Siku ya kutoa, tunavuta maji kwanza kwa bomba, puto linalala, mpira unatoka wenyewe."

Baba alilitazama puto lile muda mrefu.

"Na mtu akiuvuta bila kutoa maji?"

"Usijaribu kabisa. Unachana ndani. Damu itatoka."

"Damu itatoka," Baba alirudia.

Nilielewa palepale alipoelewa yeye, na nilitamani nisingekuwapo. Demetria alidhani anaogopa, akampapasa bega. Hakuwa anaogopa. Alikuwa amerudi ubaoni, mkono wake wa kulia ukivuta.

Tulipomleta nyumbani siku alipotolewa wodini, alimwambia dereva wa bajaji apite makaburini. Hakuweza kutembea vizuri. Nilimshikilia mpaka kwenye kaburi la Badru, lililokuwa limeota majani. Alisoma Fatiha, akajipangusa uso, akabaki amesimama.

"Nilikuwa sijui, Badru," alisema. "Nilidhani wao, kumbe mie."

"Baba, hakusikia kitu. Alishakufa."

"Kama hasikii, kwa nini tunamwagia maji ya vuguvugu?"

Mimi niliyekuwa na majibu ya kila kitu nilimshika kiwiko, nikamrudisha kwenye bajaji.

Majibu ya maabara yalikuwa yale tuliyokwisha kuyaona kwenye nyuso za Dokta Ansbert na Demetria: saratani. Alipelekwa hospitali kubwa, akapigwa picha nyingine. Kitu kile kilikuwa kimeshapenya nyama ya kibofu na kutoka upande wa pili. Kibofu kizima kingeweza kuondolewa, kama angekuja wakati ule wa miadi ya kwanza. Dokta Ansbert hakusema hivyo, Baba ndiye aliyemuuliza, na daktari hakukanusha. Tukabaki na dawa za maumivu, na mpira aliorudishiwa mkojo ulipogoma kabisa. Mama aliufunga mfuko wake kwa kitambaa cha kanga ili wageni wasiuone.

"Ondoa," Baba alimwambia. "Wauone."

Hapo ndipo alipoanza. Kila aliyekuja kumjulia hali, alimweleza. Muosha maiti aliyeficha siri za mtaa mzima alikaa kitandani akitangaza yake. Aliwaeleza wanaume wenzake kuhusu ganzi, kuhusu maji yanayobana, kuhusu puto. "Mkiona damu, hata mara moja, hata kama haiumi, msije kuniletea mimi machungwa. Nendeni hospitali." Wengine waliinamisha macho kwa aibu. Bakari alisema, "Jabiri, mtu amekuja na mkate wake, unamwonyesha mfuko wa mkojo?" lakini yeye mwenyewe alikwenda kupima, akarudi na majibu safi, akalia kibarazani kwa hasira kwamba ni safi.

Siku moja Baba alituambia tuulaze ubao uani. Akatoka kwa mkongojo, akaamuru mkeka uviringishwe, ulazwe juu yake na kufunikwa shuka.

"Mkeka huu umenenepa kukushinda," Bakari alisema.

"Nyamaza, unasomesha mtoto vibaya." Akanigeukia. "Njoo. Vaa kitambaa mkono wa kushoto. Utaniosha wewe, Bakari atamimina maji."

"Baba, tusiseme hayo."

"Utayasema kwa nani mie nikishalala? Njoo hapa."

Alinifundisha kuinua kichwa, kubonyeza tumbo taratibu, kuanza kulia kabla ya kushoto, kupitisha mkono chini ya shuka. Kisha akatoa mfukoni bomba la sindano alilopewa na Demetria, bado liko ndani ya karatasi yake, akaniwekea kiganjani.

"Hili kwanza. Mguu wa pembeni. Unavuta maji mpaka yasije tena, halafu unavuta mara nyingine kuhakikisha. Ndipo unatoa. Usivute kama unavyovuta minyororo ya makontena huko Kurasini."

"Nimesikia."

"Na siri ya ubaoni inazikwa, unajua. Lakini yangu uyaseme. Nimekuruhusu nikiwa hai, Bakari shahidi. Uyaseme yote, na ile ya Badru."

Alifariki mwezi wa Shaabani, alasiri, Mama akiwa anampepea. Watu walipojaa barazani, hakuna aliyejua ampigie nani simu. Kwa mazoea mmoja alipiga namba ya Baba, na simu ikalia ndani, chini ya mto wake.

Tulimlaza ubaoni palepale nyuma ya nyumba, tumezungushia kanga. Nilimfunika shuka kutoka kitovuni hadi magotini, nikashika pande zake kama alivyoshika Demetria. Bakari alisimama na kata ya maji, hakusema lolote la dodoki. Nilipitisha mkono, nikaupata mpira, nikaupata mguu wa pembeni. Nilivuta. Maji yakaja kwenye bomba, mepesi, maangavu. Nilivuta mpaka yasije, nikavuta tena. Kisha nikautoa, nao ukaja bila kushika popote.

Bakari aliinama akautazama ubao.

"Mweupe," alisema. "Nimimine sasa?"

"Mimina."

Jicho langu lilikuwa juu, ukutani, pale ubao uliposimama miaka yote. Rangi ya ukuta ilikuwa imefifia kote isipokuwa hapo, na umbo lake lilibaki, refu, la kutosha mtu mmoja.